Mchuma Chai Anayejifunza Kusema Anachofanya

Saa moja na robo asubuhi, Dolphine Aoko anaiongelesha mikono yake kwa Kiingereza.

"I am picking," anasema kwa sauti ya chini, na mikono yote miwili inakata majani mawili na chipukizi. "I am throwing," anasema, na konzi ya majani inapita juu ya bega na kuangukia ndani ya kapu mgongoni. Anapiga hatua. "I am walking." Anasita, anatazama gambuti zake zilizojaa matope, kisha anarudia kana kwamba kuna mtu amebisha. "I am walking."

Wanawake wa mstari wa pili wanaangua kicheko.

"Mama Alfayo, hii chai haijasoma," jirani yake, Bonareri, anamtania. "Iongeleshe Kiswahili, itakuelewa."

Dolphine hacheki. Leo ni Jumatatu. Alhamisi saa tatu asubuhi atasimama mbele ya mkufunzi wa mashine na kumweleza kwa Kiingereza kila anachofanya, wakati anapokifanya. Akifaulu, atabaki na kazi na chumba anachoishi na wanawe wanne. Akianguka, atarudisha ufunguo ofisini.

"Chakula imenikataa tangu Ijumaa," anasema. "Ugali nikiiangalia tu, nashiba."

Dolphine ana umri wa miaka arobaini na mmoja. Alizaliwa katika kambi ya wafanyakazi wa shamba hili la chai, njia ya kutoka Kericho kwenda Litein. Jina la shamba halitatajwa hapa, kwa ombi la wakuu wake na kwa ombi la Dolphine mwenyewe, ambaye aliniomba mara tatu. Wazazi wake walitoka upande wa ziwa wakiwa vijana, wakaja kuchuma chai kwa miaka miwili wapate mabati ya nyumba ya nyumbani. Mabati yalinunuliwa, miaka ikaendelea. Mama yake aliacha kapu magoti yalipokataa, na Dolphine akalichukua siku iliyofuata.

Ana miaka kumi na tisa kazini sasa. Mwezi mzuri humletea shilingi elfu kumi na nne hivi. Mwezi wa ukame au wa mvua ya mawe, hapendi kuuzungumzia. Mumewe, Jackton, alifariki miaka sita iliyopita, na tangu hapo mikono hiyo miwili ndiyo baba na mama.

Mwezi Mei, meneja aliita gengi lao uwanjani. Walikuwa sitini na wanne. Akawaambia kwamba mashine za kuchuma zinakuja, kwamba kila mashine hushikwa na watu wawili, na kwamba kambi yao itahitaji waendeshaji kumi na wawili tu. Wengine watalipwa haki zao na kuondoka ifikapo mwisho wa Septemba. Mtu akauliza kuhusu nyumba. Meneja akasema nyumba ni za wafanyakazi.

"Hakusema kwa ubaya," anakumbuka Dolphine. "Alisema tu vile mtu anasema leo itanyesha. Hapo ndio niliogopa."

Kufikia jioni ya siku ile, watu arobaini walikuwa wamejiandikisha kwa mtihani wa mashine. Kufa kufaana, wahenga walisema, lakini hawakusema ladha yake huwaje mdomoni unapogombea nafasi na mwanamke aliyekupokelea mtoto ukijifungua.

Mashine yenyewe si ngeni kwa yeyote aliyepita barabara za Kericho siku hizi. Watu wawili huibeba, mmoja huku na mwingine kule, na wembe mrefu hupita juu ya mchai katikati yao. Mfuko mkubwa hufuata nyuma ukimeza majani. Kwa kuwa wembe haujui kidole ni nini, sheria ya mafunzo ni kwamba kila mmoja amwambie mwenzake anachofanya saa hiyo: anaangalia mafuta, anainua, anasimama, anarudi nyuma. Mkufunzi naye ana haki ya kumsimamisha mtu wakati wowote na kumuuliza unafanya nini.

Yote haya kwa Kiingereza. Niliuliza kwa nini isiwe Kiswahili, lugha ambayo Mkipsigis, Mjaluo na Mkisii wa kambi hii hutumia kugombana na kupatana kila siku ya Mungu. Nikajibiwa kwamba mkufunzi ametoka nje ya nchi, kitabu cha mashine ni cha Kiingereza, na cheti pia ni cha Kiingereza. Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, basi.

Dolphine aliacha shule darasa la saba. Kiingereza chake kilikuwa cha kanisani na cha redioni, cha kuelewa zaidi kuliko kusema. Hapo ndipo anapoingia Bethwel Chepyegon.

Mzee Bethwel, mwenye miaka sitini na sita, alikuwa karani wa mizani katika mashamba ya chai kwa miaka ishirini na tisa. Sasa anafuga ng'ombe wawili nje kidogo ya soko la Litein, na kila Jumapili saa nane mchana anafundisha Kiingereza katika chumba cha watoto cha kanisa lake. Hajawahi kuwa mwalimu. Wanafunzi wake kumi na mmoja, wote wachuma chai, humwita Mwalimu hata hivyo, na humlipa kwa sukari.

"Mimi sina kitabu," anasema, akipangusa ubao kwa kofia yake. "Kitabu inaanza na vitu mingi. Hawa wako na wiki chache. Nikachukua kitu moja tu, hiyo ya saa hii."

Somo lake ni rahisi kulieleza. Kiswahili, anasema, kinatusamehe. Mtu akisema "ninachuma chai", huenda ndiyo kazi yake ya miaka ishirini, huenda mkono wake uko kwenye jani sasa hivi. Kiingereza hakisamehi, lazima uchague.

"*I pick*, hiyo ni maisha yako," anawaambia. "*I am picking*, hiyo ni hii dakika. Mzungu wa mashine hataki maisha yako. Anataka hii dakika."

Kwa hiyo darasani mwake hakuna mtu anayekaa. Anamwambia huyu afungue dirisha, yule abebe kiti, mwingine ajifanye analala, na kila mmoja lazima atangaze anachofanya kabla hajakimaliza. Ukimaliza kwanza ndipo useme, umechelewa, unarudia. Siku niliyohudhuria, mama mmoja alifungua na kufunga dirisha lile mara tisa.

Dolphine alikuwa hodari kuliko wote. Bethwel anakiri hivyo. Wiki ya pili tu alikuwa hakosei, na wenzake walimwomba awasahihishe wakitembea kurudi kambini. Mwezi Julai ulipofika na mtihani wa kwanza, hakuna aliyemwazia mabaya.

Alianguka.

Kisa chenyewe Dolphine alinisimulia akiwa amegeuza uso kando. Alikuwa ameshika upande wake wa mashine, injini ikinguruma polepole, mwenzake upande wa pili. Alikuwa amekwisha kuangalia mafuta, amekwisha kukaza mfuko, na wembe ulikuwa tayari unacheza. Wanawake wa gengi walikuwa wamesimama pembeni wakitazama. Mkufunzi akamsogelea akiwa na karatasi yake, akamuuliza kwa sauti, "Dolphine, what are you doing?"

Naye akajibu, "Nothing, sir. I am not doing anything."

Mkufunzi aliangalia mikono yake, akaangalia wembe, akanyoosha mkono mwenyewe na kuzima injini. Mtu anayeshika kisu kinachocheza na kusema hafanyi kitu ni hatari kwake na kwa mwenzake. Ndivyo karatasi ilivyoandikwa, na kusema kweli, ningekuwa mimi ningeandika hivyo hivyo.

"Nilirudi nyumba nikajifunika blanketi saa sita mchana," anasema Dolphine. "Nilijua Kizungu imenitoroka. Nikasema, mimi ni mjinga, na watoto wangu watalipa."

Lakini Kiingereza hakikuwa kimemtoroka. Sentensi ile haikuwa na kosa hata moja. Aliyegundua tatizo ni Bethwel, na hakulijua kwa sababu ya ualimu bali kwa sababu ya mizani.

"Miaka ishirini na tisa nimesimama kwa ile mizani," mzee anasema. "Mama anakuja, kapu inamvunja mgongo. Namuuliza, mama, leo umefanya aje? Ananiambia, ah, karani, leo sijafanya kitu. Naweka kapu juu, kilo ishirini. Kila siku! Hakuna hata mmoja alikuwa anakubali amefanya kazi."

Wanawake wa kambi hii wana desturi yao. Mchumaji hatangazi kazi yake. Ukimuuliza aliye katikati ya mstari anafanya nini, atakwambia yupo tu. Ukimuuliza aliyejaza kapu mara mbili anaendeleaje, atakwambia bado hajaanza. Anayejisemea ameshika kazi anawaita watu wamtazame, na wakimtazama, aliye nyuma yake anaona aibu kwa kapu lake jepesi. Kwa hiyo unakana, mwenzako anakana, na wote mnafika kwenye mizani na heshima zenu. Dolphine alifundishwa hivyo na mama yake kabla ya kufundishwa kuvaa aproni.

Ni tabia nzuri. Chema chajiuza, tunasema. Bahati mbaya mkufunzi hakuwa mnunuzi wa namna hiyo.

Mbele ya wenzake, swali lilipomfikia, ulimi wa Dolphine ulichukua njia uliyoizoea kwa miaka kumi na tisa, ila kwa Kiingereza. Darasani halikumpata hilo kwa sababu kufungua dirisha si kazi, ni mchezo. Mashine ni kazi.

Walioanguka kwa alama chache walipewa nafasi moja ya kurudia. Dolphine alikuwa miongoni mwa watano waliopewa. Bonareri, aliyefanya mtihani siku ile ile, alama zake hazikutosha kurudia.

Jumapili iliyofuata Bethwel hakumfundisha Dolphine kanisani. Alimpeleka nyumbani kwake, akamweka jikoni pamoja na mkewe na kumpa beseni la viazi. Kila baada ya muda mzee alichungulia mlangoni na kuuliza, kwa Kiingereza, anafanya nini.

"Nilikuwa namwambia namsaidia tu mama hapa kidogo," Dolphine anasema. "Ananiambia hapana. Anarudi. Mama mwenyewe anacheka. Viazi imekwisha nusu, bado sijaweza kusema. Ati niseme mimi ndio namenya, na mwenye nyumba ameketi hapo? Nikaanza kulia. Nikalia kabisa, na kisu iko mkononi."

Mke wa Bethwel ndiye aliyemaliza ubishi. Alimwambia Dolphine, kwa Kiswahili cha polepole, kwamba jikoni humu yeye mwenye nyumba hataona aibu, na kwamba kama anamenya basi aseme anamenya, maana mzee akiendelea kuchungulia chakula kitachelewa.

"I am peeling potatoes," Dolphine alisema.

"Kongoi," mzee akamshukuru kutoka mlangoni, akaenda kukamua ng'ombe wake.

Tangu siku hiyo mazoezi yalihamia mahali pagumu zaidi, yaani mbele ya wenzake. Ndiyo sababu tunamkuta Jumatatu hii akijisemea katikati ya mstari huku akichekwa. Na ndiyo sababu kila jioni saa kumi na moja, yeye na Bonareri hubeba ngazi ya mbao kwenye ujia kati ya nyumba za kambi, mmoja mbele na mwingine nyuma, wakijifanya ngazi ni mashine.

Nilisimama nikawatazama Jumanne. Bonareri, mjane kama mwenzake, mwanamke mwenye kifua kipana na sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, ndiye aliyekuwa mkufunzi.

"Wewe! What are you doing?" anafoka.

"I am lifting the machine."

"Sasa je?"

"I am turning. You are turning also."

"Mimi usiniguse, jisemee wewe!" Bonareri anasema, na watoto waliokaa kwenye vizingiti wanacheka hadi wanagaragara.

Nilimuuliza Bonareri pembeni kwa nini anafanya hivi, ilhali yeye nafasi yake imekwisha. Alinitazama kama mtu anayeshangaa gazeti huajiri watu wa namna gani.

"Ngazi inabebwa na watu wawili," alisema.

Alhamisi ilikuja na baridi. Dolphine hakuwa amelala. Alikuwa amevaa blauzi ya kanisani ndani ya aproni ya plastiki, na midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti. Mzee Bethwel alikuwa ameacha ng'ombe na kuja, akasimama mbali karibu na banda la mizani, kofia mkononi. Wanawake wa gengi walijipanga kando ya barabara ya shamba kama mara ya kwanza. Dolphine akaushika mpini, nami nikajikuta nimekunja vidole vya miguu ndani ya viatu.

Injini ikawashwa. Mkufunzi akamwacha atembee hatua kumi, kisha akainua kiganja.

"What are you doing?"

Dolphine aliwatupia wanawake jicho, akalirudisha kwenye wembe.

"I am picking tea," Dolphine akasema. Kisha, kwa sauti iliyofika barabarani, "I am picking tea, sir. I am holding this side. My friend is holding that side. I am looking at the blade."

Mkufunzi akaandika. Akamuuliza mengine manne au matano, naye akayajibu yote, mengine kabla swali halijaisha. Mwishowe, labda kwa kutaka kujua kama anaweza kuwasemea na wengine, mkufunzi akanyoosha kalamu kuelekea barabarani walikosimama wanawake.

"And those women? What are they doing?"

Dolphine aliwatazama. Ni watu aliokwenda nao mazishi na harusi. Karibu wote walikuwa na majuma matatu tu ya kukaa pale.

"They are waiting, sir," alisema.

Mkufunzi akasema vizuri sana, akatia alama, akazima injini. Sidhani alielewa alichoambiwa.

Orodha ilibandikwa Jumatatu iliyofuata kwenye ubao wa ofisi, majina kumi na mawili. Jina la Dolphine Aoko lilikuwa la tisa. Hakuruka wala hakupiga vigelegele. Alisoma mara mbili kwa kidole, akasoma tena majina yote kutoka juu, kana kwamba lingeweza kujitokeza jina lingine alilolitafuta. Halafu akarudi kuchuma, kwa kuwa mashine zilikuwa bado hazijaanza na kapu lilikuwa bado ni kazi.

Nilirudi kambini siku ya mwisho ya Septemba. Nyumba nyingi zilikuwa na kufuli la ofisi. Bonareri alikuwa amefunga magunia mawili na godoro, akisubiri pikapu ya kumpeleka kwa kaka yake Kisii, ambako hajui atafanya nini. Bintiye Kwamboka, aliye Gredi ya Tisa, amebakiza wiki tano afanye mtihani wake, na shule alikojiandikishia mtihani huo ni hii ya hapa kambini.

Dolphine alikuwa ametoka kazini, sare mpya ya kampuni mwilini, miwani ya mashine ikining'inia shingoni. Aliingia kwa Bonareri bila kubisha hodi, akainua gunia dogo lenye nguo za msichana na vitabu vyake, akavuka nalo ujia hadi kwake. Nilimfuata.

Chumba chake ni kimoja, na jiko nyuma. Kanuni iliyobandikwa mlangoni inasema wakaaji wasizidi watano. Yeye na wanawe ni watano tayari; Kwamboka atakuwa wa sita. Mkaguzi wa nyumba hupita mara mbili kwa mwezi, na mtu aliyeajiriwa upya, aliye bado kwenye miezi mitatu ya majaribio, si mtu wa kukutwa na kosa.

"Usiku naamka nafikiria huyo mkaguzi," anakiri. "Najua wanaweza kunitoa. Najua nimetafuta hii kazi na machozi. Mimi naogopa, sitakudanganya."

Anasogeza godoro la wanawe ukutani, anapima kwa macho nafasi iliyobaki, anasogeza tena. Kisha anaweka vitabu vya Kwamboka juu ya meza pekee iliyomo humo, karibu na dirisha lenye mwanga.

Nilimuuliza mkaguzi akija atamwambia nini.

"Nitamwambia nina watoto watano," anasema Dolphine.